Fulana Kuukuu Zisitupwe Jaani: Zaweza Kuwa Tandiko la Ukumbusho

Fungua leo sanduku la nguo la nyumbani kwako uitazame ile tabaka ya chini kabisa, isiyoguswa ila siku ya kusafisha nyumba kwa ajili ya Idi. Yumkini utakuta humo fulana tano, sita au zaidi, ambazo hapana mtu azivaaye. Moja imetoboka kwapani. Nyingine imefifia hata maandishi yake hayasomeki ila kwa yule ayajuaye. Ya tatu ni ndogo mno, ya mtoto ambaye hivi sasa ana ndevu na anafanya kazi Dar es Salaam. Kila mwaka unazitoa, unazikung'uta, unasema moyoni kwamba safari hii zitakwenda jaani au zitakuwa matambara ya kupigia deki. Kisha unazikunja tena na kuzirudisha mahali pake.

Si uvivu huo, wala si uchoyo. Mkono wako unakataa kutupa kitu ambacho moyo haujakiaga. Makala haya yanakusudia kukuonyesha namna ya kuzitoa fulana hizo gizani bila ya kuzitupa: kuzikata, kuziunga na kuzifanya tandiko moja la viraka, la kutandikwa kitandani au la kujifunika, ambalo kila kiraka chake kina habari yake.

Kisiwani Pemba fulana ina safari inayojulikana. Huanza kwa kuvaliwa siku ya kwenda mjini Chake Chake au Wete. Ikichakaa kidogo huwa ya nyumbani. Ikichakaa zaidi hungoja msimu wa karafuu, kwa kuwa hapana mwenye akili apandaye mkarafuu kwa nguo nzuri: matawi hurarua, utomvu huacha madoa, na mchumaji hurudi jioni hajulikani alivaa rangi gani. Baada ya msimu mmoja au miwili, kilichosalia hukatwa kikawa kata ya kubebea ndoo kichwani, au tambara la kushikia sufuria ya moto. Ndiyo mwisho wake, na kwa fulana nyingi huo ni mwisho wa heshima.

Lakini ziko fulana zisizofuata njia hiyo, nazo ndizo tunazozizungumza. Mwenge wa Uhuru, uliowashwa juu ya Mlima Kilimanjaro tarehe 9 Desemba 1961, unapokimbizwa nchini huacha fulana nyuma yake. Sikukuu ya wafanyakazi ya Mei Mosi huacha fulana yenye jina la idara au shirika. Skuli huacha fulana za michezo. Timu ya Jamhuri ya Wete huacha jezi, nazo huvaliwa Uwanja wa Gombani na watu ambao hawajapata kuupiga mpira tangu utotoni. Kampeni za afya, mikutano ya vyama, arusi zenye sare: kila jambo lina fulana yake. Mtu aliyefanya kazi ya serikali miaka 30 aweza kukosa picha 30, lakini fulana hazikosi. Na hata fulana ya mtumba, iliyoandikwa jina la mji wa Marekani ambao aliyeivaa hakupata kuuona wala kuusikia, kwa watoto wake si ya Marekani hata kidogo. Ni ya baba, ile aliyokuwa akiivaa akitengeneza baiskeli.

KUUNGA VIRAKA SI JAMBO GENI KWETU

Huenda msomaji mwingine akasema kwamba matandiko ya viraka ni mambo ya Wazungu. Tuitazame kwanza kanga iliyo kiunoni mwa mama. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani yetu walinunua vitambaa vya leso, ambavyo viliuzwa vikiwa vimeshikana katika jora moja. Badala ya kukatiwa kimoja kimoja, walikatiwa sita. Wakavigawa mafungu mawili ya vitatu vitatu, kisha wakayashona pamoja, wakapata vazi pana la viraka sita. Wafanyabiashara walipoona mtindo huo umependwa, wakaagiza kitambaa kipana kilichochapwa kizima tangu kiwandani, na jina la leso likabaki mpaka leo katika sehemu nyingi za pwani. Kwa hiyo vazi letu la fahari lilianza kwa kuunga vipande, na aliyeyabuni hayo hakuwa kiwanda bali mwanamke mwenye sindano.

Kadhalika, mwanamke wa Pemba anayesuka ukili anaijua kazi hii kabla hajaambiwa. Mkeka hausukwi ukawa mpana mara moja. Husukwa ukanda mwembamba, mrefu, kisha ukanda huo hushonwa ubavu kwa ubavu hata upatikane upana wa kulaliwa. Jamvi linaloanikiwa karafuu hutengenezwa kwa njia hiyo hiyo. Tandiko la fulana nalo hushonwa safu kwa safu, na aliyezoea kuunga ukili huyaona upesi makosa ambayo fundi wa mjini hayaoni, hasa kosa la kuvuta upande mmoja zaidi ya mwingine.

Ng'ambo ya bahari, katika jimbo la Karnataka nchini India, wako watu waitwao Siddi, ambao wazee wao walitoka Afrika Mashariki na pande za Uhabeshi, wengi wao wakiwa watumwa, wengine mabaharia na askari. Wanawake wa Siddi hushona kwa mkono tandiko liitwalo kawandi, kutokana na nguo kuukuu za jamaa. Hawaanzi katikati, huanza ukingoni na kuzunguka, wakipachika kiraka juu ya kiraka kwa mishono midogo ya kwenda mbele, mpaka wakutane katikati. Mwishoni hutia katika pembe nne vipande vya pembetatu vilivyokunjwa, ambavyo huviita maua, na bila ya maua hayo tandiko huhesabiwa kuwa liko uchi. Mwandishi wa makala haya haoni sababu kwa nini tandiko la Pemba lisipewe maua hayo.

Na huko Marekani, katika kijiji cha watu weusi kiitwacho Gee's Bend, jimboni Alabama, mama mmoja, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe, akazichukua nguo zake za kazi ya shamba, akazikata na kuzishona tandiko mwaka 1942. Nia yake, kama alivyokuja kueleza binti yake Arlonzia aliyemsaidia kazi hiyo, ilikuwa ni kumkumbuka mumewe na kujifunika upendo wake. Suruali zilizopauka magotini, mashati yenye alama za jasho, yote yamo. Tandiko hilo la mkulima maskini limekuja kutundikwa katika majumba ya makumbusho ya sanaa, wakaja watu kulitazama.

NGUO ZA WALE WALIOTUTANGULIA

Hapa ndipo jambo lenyewe lilipo zito. Pemba ni kisiwa cha wasafiri. Hapana nyumba isiyokuwa na mtu Unguja, Tanga, Mombasa au Maskati, na baina ya nyumba na mtu huyo iko bahari. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imechukua watu kupita kiasi chake. Wengi hawakuonekana tena, na jamaa zao hawakupata kaburi la kulizuru. Katika nyumba ya namna hiyo, shati lililobaki juu ya msumari nyuma ya mlango ni zaidi ya nguo. Wala hapana jirani awezaye kumwambia mwenye nyumba ni lini aliondoe.

Desturi yetu ni njema na tusiiache: nguo za marehemu zifuliwe, na zile zinazofaa zitolewe sadaka, ili mtu aliye hai asitirike na aliyekufa apate thawabu. Tandiko la ukumbusho lisije likawa sababu ya kumnyima maskini nguo. Ila kila sanduku la marehemu huwa na nguo mbili tatu ambazo haifai kumpa mtu, kwa kuwa zimechakaa mno. Na aghalabu hizo ndizo alizozipenda, ndizo alizokuwa akizivaa kila siku, ndiyo maana zikachakaa. Basi nzuri ziende kwa walio hai. Zilizochakaa ndizo za kukatwa.

Kabla hujatia mkasi, waulize wenzako. Alichokiacha marehemu ni mali ya warithi wote, hata fulana yenye tundu, na ndugu aliye Maskati aweza kuwa na fulana moja akilini mwake ambayo wewe waiona tambara. Tumepata kusikia watu wa tumbo moja wakinuniana kwa sababu ya kofia. Fulana haikosi kuleta balaa hiyo. Zungumzeni. Iwapo watoto ni wanne na fulana ni moja, kifua kitoe kiraka kimoja, mgongo kimoja, na mikono miwili itoe viwili, kila mmoja apate chake.

Wala usifanye haraka. Mjane aliye katika eda ana miezi minne na siku kumi za kutulia, na hata baada ya hapo hapana anayemsukuma. Nguo ikishafuliwa harufu ya mtu hutoka, na kiraka kikishakatwa hakirudi kuwa fulana. Ikiwa iko moja ambayo mkono unasita juu yake, iache nzima sandukuni, ukate nyingine. Mtu asikucheke.

KAZI YENYEWE

Tuseme unataka tandiko la kitanda cha mtu mmoja. Viraka 20 vyatosha, vinne kwa upana na vitano kwa urefu. Kila kiraka ukikate mraba wa sentimita 38. Mshono utakula sentimita moja na nusu kila upande, vibaki 35. Hivyo tandiko litakuwa na upana wa sentimita 140 na urefu wa sentimita 175. Kwa kuwa fulana moja hutoa kiraka cha kifua na cha mgongo, fulana 10 zaweza kutosha. Kwa mtoto mdogo viraka 12, vitatu kwa vinne, ni tandiko kamili.

Ugumu wa fulana ni kwamba haikufumwa kama shuka. Imesokotwa vitanzi vitanzi, nayo huvutika. Ukiishona hivi hivi itakwenda mrama chini ya cherehani, na tandiko litatoka limepinda kama jahazi lililopigwa na wimbi. Dawa yake ni kuituliza kwanza. Mwombe fundi akununulie kile kitambaa kigumu chenye gundi upande mmoja ambacho mafundi hukiweka ndani ya kola za mashati. Pasua fulana ubavuni na mabegani, itandaze ubavu wa ndani ukiwa juu, weka kitambaa hicho, ukishikize kwa pasi. Hapo ndipo upime na ukate, si kabla. Usipitishe pasi juu ya maandishi yaliyochapwa, yatayeyuka na kuganda juu ya chuma. Wala usiipige jezi ya mpira pasi kali, kwani nyingi si za pamba na huungua. Jaribu kwanza kwenye upindo.

Anza na fulana isiyo na maana kwako. Mkasi wa kwanza una woga wake, na ni heri woga huo uishie kwenye fulana ya tangazo la sabuni.

Fulana ya mtoto wa miaka minne haitatoa mraba wa sentimita 38. Usiivute. Ikate kadiri iwezavyo kutoa, kisha uizungushie vipande vya kanga kuukuu mpaka itimie kipimo. Kwa kweli viraka vya namna hii ndivyo vinavyopendeza kuliko vyote, kwa vile ile fulana ndogo hukaa katikati kama picha katika fremu.

Ukisha kuwa na viraka vyote, vipange juu ya mkeka, sakafuni, uite watu wa nyumba watazame. Jioni hiyo msitazamie kushona chochote. Kila mtu atataka kukumbusha habari yake: nani alikimbia riadha siku ile, mvua ilinyesha au haikunyesha, nani alikuwapo na nani alikuwa hajazaliwa. Watoto watauliza maswali ambayo hawakupata kuyauliza. Aliye na mwandiko mzuri na aandike habari hizo katika daftari, kiraka kwa kiraka, na daftari hilo liwekwe pamoja na tandiko.

Katika kupanga huko swali jingine hutokea. Tangu vyama vingi viliporudishwa mwaka 1992 na uchaguzi wa kwanza kufanywa mwaka 1995, Pemba imepata kuonja uchungu wa siasa kuliko sehemu nyingi za nchi, hata wakawako watu wasiozikana wala kununua katika duka la mwenziwe. Baada ya maridhiano ya mwaka 2009 na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, mengi yalipoa, ingawa si yote. Lakini fulana za miaka ile zimo sandukuni, na katika nyumba nyingine zimo za rangi zote: ya baba na ya mjomba. Je, zishonwe pamoja? Rai yetu ni kwamba zishonwe, na zikae jirani. Wote wawili walikuwa wa nyumba hiyo. Anayeona bado ni mapema na azihifadhi; tandiko huweza kuongezwa safu.

Sasa shona. Unga viraka vinne vya safu ya kwanza, kisha vya safu ya pili, mpaka safu tano. Laza kila mshono kwa pasi, halafu unga safu kwa safu. Tumia sindano ya cherehani ambayo ncha yake si kali sana, kwani ncha kali hukata nyuzi za fulana na kuacha matundu. Usivute, acha meno ya cherehani yapeleke yenyewe. Asiye na cherehani ashone kwa mkono, kwa mishono ya karibu karibu. Jioni nyingi zitakwenda, lakini kawandi za wale Siddi hazikungoja cherehani.

Kwa upande wa chini liko kitambaa la marekani, lililopata jina lake kwa sababu lililetwa Zanzibar na mabaharia wa Salem nchini Marekani, nchi ambayo Sayyid Said alifanya nayo mkataba wa biashara mwaka 1833. Ni imara na halina makuu. Ila sisi tungependa zaidi doti moja ya kanga. Ifue kwanza ili irudi, kama ina kurudi, kisha shona kanga zote mbili ubavu mrefu kwa ubavu mrefu. Utapata kitambaa cha upana wa karibu sentimita 150 na urefu unaopita 210, chatosha na kusaza. Acha sentimita tano nje ya viraka kila upande, ukate ziada. Ile kanga itakayokatwa igeuze jina lake lielekee mshono wa kati, lisije likapita mkasi. Kwa kuwa majina ya kanga husema mambo, chagua jina linalomfaa atakayelilalia.

Wengine hutia pamba au usufi katikati. Kwa joto letu la Kaskazi hiyo ni adhabu, na usufi ukilowa hujikunja madonge na hukauka kwa taabu. Ukitaka uzito kidogo tia shuka kuukuu. Laza chini kanga, upande mzuri ukitazama sakafu, juu yake shuka, juu kabisa viraka. Piga bandi kutoka katikati kuelekea kingoni ili tabaka zisihame. Kisha funga fundo la uzi imara katika kila njia panda ya viraka vinne. Mwisho, zile sentimita tano za kanga zilizozidi zikunje mara mbili kuja juu ya viraka na uzipige upindo. Hapo pembeni ndipo pa kutia yale maua manne.

Neno la tahadhari kwa nyumba zetu: fulana yenye aya au jina tukufu isitiwe katika kitu cha kulaliwa na kukaliwa. Na tandiko lenye sura za watu lisitumiwe kuwa musala.

Anayeona kazi hii imemzidi ampelekee fundi, lakini akate viraka mwenyewe na akae barazani kwa fundi siku ya kuunga, kwa sababu fundi hajui kipi kikae karibu na kipi, naye atapanga kwa rangi.

KULITUNZA

Tandiko la fulana lifuliwe kwa mikono, kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, bila ya kusuguliwa juu ya jiwe. Usilikamue kwa kulisokota. Lifinye, kisha ulianike kivulini likiwa limelazwa juu ya kamba mbili tatu, maana likiwa na maji huwa zito na kamba moja italivuta lirefuke. Jua la mchana litakula maandishi ambayo umehangaika kuyaokoa. Wakati wa masika, usiliweke sandukuni likiwa na ubaridi hata kidogo. Ukungu wa Pemba hauna huruma. Lifukize udi kama unavyofukiza nguo nyingine, ulikunje maandishi yakiwa ndani, na baina ya mikunjo utie konzi moja ya karafuu kavu zilizofungwa katika kitambaa chepesi. Wadudu huikimbia harufu hiyo. Zibadilishe kila msimu, zikija mpya kutoka jamvini.